Mwanangu alikuwa akinywa kwa siri: nilimfungia ndani ili kumwokoa, nikakaribia kumuua

Mwalimu Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wazazi wenzangu, nawasalimu. Uzi huu ni mrefu, nami naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitano. Naandika kwa ruhusa ya mwanangu. Ameusoma wote kabla sijauweka, akanitaka niondoe jambo moja linalomhusu mkewe, nami nimeliondoa.

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, sasa nimestaafu na ninaishi Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, pamoja na mama watoto. Kijana wetu wa pili ana miaka 32, ni mhasibu Dar es Salaam, ana mke na mtoto mmoja wa darasa la kwanza. Kama ilivyo desturi yetu Wachagga, Desemba kila aliye mbali hupanda kurudi nyumbani, na Desemba ya mwaka juzi naye alikuja na familia yake. Siku ya pili ya Krismasi ukoo ulikusanyika kwangu, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapikwa, na kata ikazunguka kuanzia kwa wazee. Ilipomfikia aliipokea kwa mikono miwili, akaipitisha kwa binamu yake bila kuionja, akasema, "Baba, mimi pombe nimeiacha." Nilisimama mbele ya wazee wote nikamsifu, nikasema huyu ndiye mtoto aliyeielewa dunia. Wazee wakapiga makofi.

Wakati ule alikuwa akimaliza chupa bapa mbili za pombe kali kila siku. Mimi sikujua, lakini leo ninajua kwamba kwa sifa zile nilimfungia mlango, kwa sababu mtu aliyepigiwa makofi na ukoo mzima kwa kuacha pombe atarudi vipi kwa baba yake jioni ile ile kumwambia kwamba hajaacha?

Naomba nieleze dalili zilizokuwepo, maana wengi wetu tunatafuta dalili za mlevi wa kilabuni, yule anayeyumba njiani akiimba, na kijana wangu hakuyumba hata siku moja. Alishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili kama mtu anayesikia baridi, ilhali shingo ilikuwa ikimtoka jasho saa moja ya asubuhi, na asubuhi za Kibosho mwezi huo si za kutoka jasho. Hakula chochote mpaka ametoka "kunyoosha miguu" hadi duka la mangi, na akirudi mikono ilikuwa imetulia na maneno yamemrudi. Mnaojua mambo haya mmeshaelewa kwamba alikuwa akienda kuzimua, yaani kunywa tena ili kutuliza mwili. Pia kulikuwa na simu ya mtu nisiyemfahamu, aliyeniambia kwa ukali kwamba mwanangu ameandika namba yangu kwenye mkopo wa simuni, na kwamba nisipomlipia jina lake litasambazwa kwa watu wote anaowajua. Mtu mwenye mshahara mzuri ana mikopo ya kausha damu minne, nami nilijiambia kwamba maisha ya mjini ni magumu, basi.

Asubuhi ya tarehe 27 nilikwenda kuchukua gunia kwenye ghala la kahawa nikakuta chupa bapa tatu zimefunikwa kwa matawi makavu ya migomba, mbili tupu na moja nusu. Ninakiri kwamba hasira niliyoipata haikuwa ya huruma, ilikuwa hasira ya mtu aliyeaibishwa. Nilimwita, nikamwonyesha, akakana huku akizitazama. Nilichukua simu yake, pochi yake na funguo za gari, nikamwingiza kwenye chumba cha nyuma nikafunga mlango kwa kufuli, nikamwambia atatoka akiwa mtu. Mama yake na mkwe wetu walikaa mlangoni wakisali. Chakula tulimpelekea, naye hakukigusa.

Usiku wa kwanza alitetemeka na kutapika. Mchana wa tarehe 28 alianza kuzungumza na watu ambao hawakuwamo chumbani, akisema wanatembea ukutani. Usiku wa pili, yapata saa nane, tulisikia kishindo, na tulipofungua tulimkuta sakafuni amekakamaa, povu mdomoni, mwili mzima unarushwa. Ndugu waliokuwa wamelala kwangu wakaamka. Mmoja akasema ni kifafa, mwingine akasema kijana amerogwa na wenye wivu, na wakati wao wakibishana jirani aliwasha pikapu. Zahanati ya kwanza tuliyofika walimpima malaria wakatuandikia dawa. Kwenye hospitali ya pili daktari wa zamu, binti mdogo kuliko mwanangu, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mara ya mwisho alikunywa lini?" Nilipomwambia ni juzi yake asubuhi na kwamba nilikuwa nimemfungia, alinitazama kidogo, akaanza kazi. Hakunilaumu, na ninamshukuru kwa hilo hadi leo, kwa sababu laumu nilikuwa nayo ya kutosha.

Baadaye alinikalisha akanieleza kama ninavyowaeleza. Pombe huutuliza ubongo, na ubongo uliotulizwa kila siku kwa miaka hujifunza kusukuma kwa nguvu upande wa pili ili mtu aweze kuamka na kufanya kazi. Ukiiondoa pombe ghafla, msukumo ule hubaki peke yake bila cha kuuzuia. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kisha kuanzia siku ya pili hadi ya nne baadhi ya watu huingia katika kuchanganyikiwa kukali, joto likapanda na moyo ukaenda mbio, na hali hiyo ikikosa matibabu huua. Vijana huita haya yote arosto, na kwa neno hilo jepesi tunadhani ni jambo la kuvumiliwa. Ya heroini hutesa sana, lakini kwa mtu mwenye afya ni nadra kumuua. Ya pombe inaweza kumuua mtu ambaye juzi alikuwa ofisini na tai shingoni.

Nilitaka pia kujua kiasi, kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu. Bapa la mililita 200 lenye kilevi cha asilimia 35 lina takriban gramu 55 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Kwa hiyo bapa mbili za mwanangu zilikuwa sawa na bia tano na nusu, kila siku, za kazi na za ibada, bila mtu kumwona na chupa mkononi hata mara moja. Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko, tarehe 1 Machi 2017 nilifurahi sana, nikidhani hatari ilikuwa imo ndani ya kile kifuko cha plastiki.

Alilazwa siku sita. Alipotoka nilifanya jambo ambalo baadhi ya wazee wa ukoo hawakulipenda. Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na anayelipokea hapaswi kukataa kusamehe. Kwa desturi mtoto ndiye humpelekea mzazi. Mimi nililikata lile jani nikampelekea yeye, shambani, akiwa amekaa kwenye jiwe chini ya migomba, nikamwomba anisamehe kwa mambo mawili: kwa kumfungia kama mwizi, na kwa kumsifu mbele za watu hata akakosa pa kuusemea ukweli. Alilia, nami nililia. Kisha, bila mimi kuuliza, alinieleza miaka minne yote.

Katika kueleza kwake nilijifunza kwamba ile siri haikuwa yake peke yake. Mkwe wetu alikuwa akipiga simu ofisini kwake kusema mume wake ana malaria. Mama yake, ambaye hakujua kitu, alikuwa akimtumia fedha kila alipotaja ada ya mtoto, ada ambayo ilikuwa imekwisha kulipwa. Mimi nilikuwa nimelipa mkopo mmoja kimyakimya ili jina letu lisichafuke. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika kona moja ya pazia, akiamini kwamba anafanya hivyo kwa upendo.

Mshauri nasaha wa hospitali alitufundisha namna nyingine. Alitueleza kuhusu njia iliyobuniwa Marekani na mwanasaikolojia Robert J. Meyers, ambapo anayefundishwa ni familia, siyo mgonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, ndugu 130 wa watu wenye tatizo la pombe waligawanywa katika makundi matatu. Katika kundi lililofuata njia hii, wagonjwa 64 katika kila 100 walikubali kwenda kutibiwa. Katika kundi lililoandaa kikao cha kumkabili mgonjwa wote kwa pamoja ilikuwa 30, na katika kundi lililohudhuria vikao vya msaada kwa ndugu peke yake ilikuwa 13. Mimi nilikuwa tayari nimeshapanga kikao cha ukoo. Nilikifuta.

Tuliyofanya ni haya. Mkwe aliacha kupiga simu ofisini, na mara ya kwanza mume wake aliposhindwa kwenda kazini alilazimika kumweleza msimamizi wake mwenyewe. Ada tulianza kulipa moja kwa moja shuleni. Mikopo hatukugusa tena, lakini nauli ya kliniki tulilipa wakati wote, bila maswali. Siku ambazo hakunywa, mkewe alikaa naye, wakapika pamoja, wakatoka na mtoto kwenda ufukweni. Siku alizokunywa hakumgombeza wala hakumhudumia. Alimwambia kwa upole kwamba watazungumza kesho, akaingia chumbani na mtoto. Ni rahisi kuandika. Kulifanya usiku wa manane, mtu akiwa anabisha mlango, ni jambo jingine kabisa, na mkwe wetu amelifanya kwa nguvu ambazo mimi sina.

Nauweka uzi huu kwa sababu najua kuna mzazi mahali fulani ambaye leo ameziona chupa ghalani. Ndugu yangu, usifunge mlango. Kama kijana wako anatetemeka asubuhi kabla ya kunywa, kuacha kwake kuanzie hospitalini.

---

Mama wa Tanga

Shikamoo mwalimu. Nimeusoma uzi wako mara mbili, na mara ya pili nimeusoma jikoni ili wasinione. Mimi ni mama wa binti wa miaka 28, mwalimu wa sekondari, anaishi nami tangu ndoa yake ilipovunjika. Sisi ni Waislamu, na katika nyumba yetu pombe haijawahi kuingia tangu enzi za babu zangu. Miezi mitatu iliyopita nilikuta harufu kwenye chupa ya maji anayoibeba kazini. Tangu hapo nimekuwa nikimfuatilia, nikipekua mkoba wake anapooga, nikinusa nguo. Nimeona mengi na sijamwambia neno.

Kinachonitesa ni kwamba mtoto wa kiume akilewa watu husema ameharibikiwa, lakini wa kike watasema jambo baya zaidi, na watalisema juu ya mama yake pia. Nikimwambia kwamba nimejua, ninaogopa atahama, akakae peke yake mahali ambapo hakuna wa kumwona. Jirani mmoja, ambaye nilimwambia kwamba ni mtoto wa dada yangu, amenipa namba ya mtu anayeuza unga wa kuchanganya kwenye chai. Anasema mtu akinywa pombe baada ya hapo atatapika hadi aichukie. Nimeshaununua. Uko kabatini. Naomba mniambie kama nifanye hivyo au nisifanye.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mama, kwa heshima zote ninakuomba usiutie unga huo kwenye chai ya binti yako, wala leo wala kesho.

Sijui kilichomo ndani yake, na aliyekuuzia pengine naye hajui. Lakini kama ni ile dawa ambayo wengi huiuza kwa njia hii, jina lake ni disulfiramu. Sifa yake ya kupambana na ulevi iligunduliwa Copenhagen na madaktari wawili wa Denmaki, Jens Hald na Erik Jacobsen, na tangu mwaka 1948 hospitali zimeitumia. Inazuia mwili usiweze kumaliza kuivunjavunja pombe, hivyo sumu inayopatikana katikati ya safari hiyo hujaa kwenye damu. Mtu huwaka uso, hutapika, moyo hupiga kwa kasi, shinikizo la damu hushuka, na wapo waliokufa. Kwa sababu hiyo hutolewa kwa mtu anayejua kwamba anaitumia, aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na ambaye amekaa walau saa 12 bila pombe. Nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Binti yako, asiyejua lolote, atakunywa kama kawaida yake, ataanguka darasani mbele ya wanafunzi, na daktari atakayempokea hatajua anapambana na nini. Na siku akigundua kwamba chai ya mama ilikuwa na dawa, hatakunywa tena chai ya mama, na mengine yote unayotaka kumwambia yatakuwa yamepita.

Zipo dawa nyingine, kama naltreksoni, ambayo hupunguza ile hamu na raha ya pombe, na akamprosati, ambayo humsaidia mtu aliyekwisha kuacha asirudi. Hazipatikani kila mahali na zote zinaandikwa na daktari, lakini nazitaja ili ujue kwamba ugonjwa huu una tiba za mchana kweupe.

Mwalimu amesema kweli kuhusu kuacha ghafla, nami ninaongeza mambo mawili kutokana na kazi yangu. La kwanza, mtu aliyekunywa kwa muda mrefu bila kula vizuri hupungukiwa vitamini B1, na ndiyo sababu wodini tunampa kwa sindano mapema; akianza kuchanganyikiwa, macho yakacheza na akashindwa kutembea sawasawa, msidhani kwamba bado amelewa, mleteni upesi. La pili linahusu wazazi wanaokata fedha zote siku moja wakitumaini kwamba mtoto ataacha. Asiye na fedha ya bia hunywa gongo. Mwezi Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa Kenya, katika kaunti kadhaa zikiwamo Embu na Kiambu, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mtu aliyekunywa methanoli anaweza kulala akaamka akiwa anaonekana mzima, kisha macho yakaanza kuona ukungu. Huyo hana muda wa kusubiri asubuhi.

Kabla ya hospitali kuna hatua ndogo inayoweza kukusaidia. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 ya kupima unywaji, yenye alama kutoka 0 hadi 40, na kuanzia alama 8 mtu anahesabiwa kuwa anakunywa kwa namna inayomdhuru au inayoelekea huko. Yametafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa wagonjwa hukohuko Moshi kwa mwalimu. Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kujijibia peke yake, bila mama kusimama mlangoni. Na tunalazimika kutunza siri ya mgonjwa. Hata wewe mama yake hatutakuambia asipotaka.

---

Mtoto wa Mtu, Nairobi

Naomba niongee kutoka upande wa pili. Mimi nina miaka 36 na nilikunywa kwa kujificha kwa miaka saba. Sasa nina miaka miwili na miezi bila pombe. Ninahudhuria vikao vya wale wanaosaidiana kuacha, vile vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, ambavyo sasa vipo hapa Nairobi pia.

Mama wa Tanga, nisamehe nikisema hivi: mama yangu naye alipekua. Alihesabu, alinusa, aliweka alama kwenye chupa za wageni. Kila alipogundua mahali pamoja nilitafuta mahali pazuri zaidi, na kwa kweli upekuzi wake ndio ulionifundisha kujificha. Kunywa kwa siri ni kazi ya pili. Unajua duka gani halitakuuliza, unabadilisha maduka ili muuzaji mmoja asikujue, unabeba chupa tupu kwenye mkoba hadi upate pipa la mbali, unapanga kila salamu uwe umesimama upande ambao upepo hautokei. Nilikuwa nimechoka sana kwa hiyo kazi kuliko hata kwa pombe. Ungenikuta siku yoyote na swali moja la upole ningelia, ila swali halikuja kwa upole. Lilikuja likiwa na ushahidi, na mtu akiwekewa ushahidi mbele yake hujitetea.

Aliyenisaidia ni mjomba. Tulikuwa tunaosha gari lake, akasema bila kunitazama, "Mjomba, naona mikono yako asubuhi. Mimi si hakimu. Siku ukitaka kunipigia, nipigie hata ukiwa umelewa." Halafu akaendelea kuosha. Nilimpigia baada ya wiki tano. Zile wiki tano hakunikumbusha hata mara moja, na sijui alizivumilia vipi.

Kwa walioko Kenya, namba ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, hailipiwi, na mzazi anaweza kupiga hata kama mtoto bado hajakubali kitu.

---

Mwalimu Mstaafu (mwanzisha uzi)

Nawashukuru nyote. Muuguzi, umenifafanulia hata yale niliyodhani nimeyaelewa. Kijana wa Nairobi, maneno ya mjomba wako nimeyaandika kwenye daftari.

Mama wa Tanga, marahaba. Nimekaa na swali lako tangu jana. Sina binti mwenye hali hiyo na siishi katika nyumba ambayo pombe ni haramu. Kwetu pombe ni ya ibada ya ukoo, na shida yetu ilikuwa tofauti, kwamba hatukuweza kuiona hatari ndani ya kitu tunachokiheshimu. Lakini hofu yako ya kwamba atahama naijua. Ninaloweza kukuambia ni kwamba binti yako tayari anaishi peke yake mahali ambapo hakuna wa kumwona, ndani ya nyumba yako.

Chagua wakati ambao hajanywa, na wakati ambao mna kazi ya mikono, kuchambua mchele au kukunja nguo, ili macho yasilazimike kukutana. Usitaje chupa ya maji wala mkoba. Taja yale unayoyaona kwake ambayo si kosa: kwamba hali vizuri, kwamba halali, kwamba tangu ndoa ivunjike hamjazungumza juu yake hata siku moja. Mwambie kwamba lolote lile atakalokuambia, chumba chake kitabaki chumba chake. Kisha uwe tayari kwa yeye kukana. Mwanangu alikana chupa alizokuwa akizitazama kwa macho yake. Akikana, mwambie sawa mwanangu, mimi nipo, umalize kukunja nguo. Na kabla ya siku hiyo, nenda wewe mwenyewe kwanza kwa mshauri wa hospitali ya mkoa, useme ulichotuambia sisi. Unga ule mpelekee mfamasia autupe.

Mmoja ameniuliza kwa ujumbe wa siri kama kijana wangu amepona. Miezi mitano ya mwanzo hakunywa kabisa. Kisha alikunywa, akarudi kliniki, akakaa tena. Mkewe bado yuko naye. Mkopo mmoja kati ya ile minne bado anaulipa. Desemba iliyopita alikuja, na kata ilipozunguka nilihakikisha inapitia upande mwingine, bila mtu kusema neno wala kumsifu.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu usiku, alinipigia. Nilipoona jina lake saa hiyo moyo ulinienda mbio. Alisema, "Shikamoo baba. Leo nimekunywa." Nilikaa kitandani. Mama yake aliamka akanishika mkono. Nilitaka kuuliza kwa nini, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lakini nilimwuliza, "Umekula?" Akasema hajala. Nikamwambia ale kwanza, mimi nasubiri kwenye simu. Nilisikia sufuria, nikamsikia mjukuu wangu akiuliza kama huyo ni babu. Baada ya kula aliniambia kiasi bila kuulizwa: bapa moja, nusu ameinywa, nusu ameimwaga kwenye sinki mkewe akimwona. Asubuhi yake alikwenda kliniki. Mimi nilipanda basi la saa kumi na mbili, nikafika Dar es Salaam jioni, naye alikuwa amesimama stendi akinisubiri.

Mama wa Tanga, ukishaongea naye utupe habari, hata kama ni kusema tu kwamba amekana.